Taa ya kathodi yenye shimo: mkondo, gesi na rangi ya mwako

Usomaji wa AAS, mashine inayopima metali kwa mwanga unaofyonzwa na atomu zake ndani ya mwali, ukianza kuyumba, mkono wa fundi huenda moja kwa moja kwenye mkondo wa taa. Ilikuwa miliampia 4, anaipandisha hadi 8, mwanga unaongezeka, namba zinatulia kidogo na kazi inaendelea. Baadaye inaonekana kwamba myeyusho uleule wa kiwango cha shaba unatoa ufyonzaji mdogo kuliko wa jana, na mstari wa viwango (grafu ya ufyonzaji wa miyeyusho yenye kiasi kinachojulikana) uliokuwa umenyooka sasa unajikunja mapema. Bana, yaani kichomeo cha mwali, ni safi, asidi ni ileile, gesi za mwali hazijaguswa. Taa inatoa mwanga mwingi zaidi, lakini mwanga wenyewe umeharibika, na mashine haina namna ya kukuambia hilo.

Ili kuelewa kwa nini, ingia ndani ya taa yenyewe. Kathodi ni silinda ndogo ya metali inayopimwa, au silinda iliyopakwa metali hiyo kwa ndani, yenye shimo la kipenyo cha milimita 2 hadi 5. Anodi ni waya au pete ya tungisteni, zirkoni au nikeli. Vyote vimefungwa ndani ya kioo chenye neoni au agoni kwa presha ya tori (kipimo cha presha) chache tu. Volti zikiwekwa, elektroni inayotoka kwenye ukuta wa shimo husukumwa na uga mkali wa umeme ulio karibu na ukuta, inavuka katikati, inafika upande wa pili na kukuta uga kama huo unairudisha. Inaenda na kurudi mara nyingi kabla ya kuponyoka, na kila ikivuka inagonga atomu za gesi na kuzigeuza ayoni. Mbele ya kathodi bapa, elektroni ikishapita imepita. Ndiyo maana, kwa volti zilezile, shimo hupitisha mkondo mkubwa mara nyingi kuliko bapa, na plazma yake, yaani gesi iliyogeuzwa ayoni, hung'aa vikali katika nafasi ndogo.

Ayoni nazo huvutwa na ukuta na kuugonga kwa nguvu, zikang'oa atomu za metali. Atomu hizo huelea ndani ya plazma, husisimuliwa kwa kugongwa, kisha hutoa mwanga wa urefu wa wimbi wa metali hiyo hasa: 324.8 nm kwa shaba, 242.8 kwa dhahabu, 213.9 kwa zinki, 285.2 kwa magnesi.

Sasa ongeza mkondo kupita kiasi. Atomu zinazong'olewa zinakuwa nyingi mno, na zile zilizo mbele, kwenye mdomo wa shimo, ni za baridi na hazijasisimuliwa. Hizo hufyonza mwanga unaotoka nyuma yao kabla haujatoka kwenye taa. Zinafyonza hasa katikati ya mstari wa spektra, yaani ule mwanga wa urefu mmoja wa wimbi, palepale ambapo atomu za kwenye mwali zingefyonza. Pia gesi inapata joto na mstari unapanuka. Unachopeleka kwenye mwali ni mwanga wenye kingo pana na kitovu kilicholiwa. Sampuli inafyonza kidogo, sehemu kubwa ya mwanga inapita bila kuguswa, na mstari wa viwango unapinda.

Shaba inatoa kipimo kizuri cha jambo hili kwa yeyote mwenye spektromita. Mistari yake miwili, 324.8 na 327.4 nm, inatoka kwa atomu zilezile, na wa kwanza unapaswa kuwa na nguvu karibu mara 2 ya wa pili. Pandisha mkondo hatua kwa hatua ukiandika uwiano huo. Ukiona unashuka kutoka karibu na 2 kuelekea 1, taa imeanza kujifyonza yenyewe. Mkondo wa kazi uwe chini ya hapo.

Usafi wa mstari huo ndio uliofanya taa hizi ziwe na thamani. Friedrich Paschen alitumia kathodi yenye shimo mwaka 1916 kuchunguza spektra ya heliamu kwa undani ambao taa za kawaida hazikuuruhusu. Miaka mingi baadaye, Alan Walsh wa CSIRO, shirika la utafiti wa sayansi la Australia, alionyesha, katika makala yake ya 1955, kwamba taa hiyo ikiwekwa mbele ya mwali inaweza kupima metali kwa ufyonzaji. Hoja yake ilikuwa rahisi na nzito. Mstari wa ufyonzaji ndani ya mwali una upana wa elfu chache tu za nanomita, na hakuna monokromata (kifaa cha kuchuja mwanga wa urefu fulani wa wimbi) ya kawaida ya maabara inayoweza kukata mwanga mwembamba hivyo. Lakini taa yenyewe ikitoa mstari mwembamba kuliko ule wa mwali, monokromata inabaki na kazi ndogo ya kutenga mstari mmoja na jirani zake, na mpasuo wake, ule upenyo wa kupitisha mwanga, wa nanomita 0.2 hadi 0.7 unatosha. Ukiipa taa mkondo mkubwa, unabomoa msingi huo.

Haya ndiyo ninayoshikilia kwa kila taa inayoingia maabara. Siku ya kwanza iwashe, hata kama kazi yake ni ya mwezi ujao. Taa zimefika kwa ndege na malori, na dhamana haingoji. Weka mkondo ulioandikwa kwenye lebo kama mkondo wa kazi. Ule wa juu kabisa ni mpaka wa kutovukwa. Iache dakika 20 hadi 30. Kisha andika kwenye daftari la taa: tarehe, mkondo, volti za taa kama mashine inazionyesha, urefu wa wimbi, mpasuo, na volti za fotomaltiplaya (kihisi cha mwanga) au asilimia ya geini, yaani ukuzaji wa ishara, iliyohitajika kufikisha nishati kamili. Namba hii ya mwisho ndiyo yenye faida kubwa. Miezi 8 baadaye, taa ileile kwa mkondo uleule ikidai geini kubwa zaidi sana, inazeeka, au dirisha lina alama za vidole, au haijapangwa vizuri. Bila namba ya siku ya kwanza utabaki kubahatisha.

Kupanga taa kunapuuzwa mno. Legeza skrubu, sogeza taa mbele na nyuma, kulia na kushoto, juu na chini, huku ukitazama nishati, mpaka ifike kilele pande zote. Fanya hivyo bila mwali na bila bana kuziba njia. Taa ya deuteriamu ya kusahihisha mandharinyuma (ufyonzaji usiotoka kwa metali inayopimwa) nayo lazima ipite njia ileile. Mianga miwili ikipishana, masahihisho yenyewe yanakuwa chanzo cha kosa. Dirisha lifutwe kwa kitambaa laini chenye spiriti safi, na usiliguse tena.

Muda wa kupasha joto unategemea mashine. Yenye njia mbili za mwanga inasamehe mabadiliko ya taa, kwa hiyo dakika 10 zinaweza kutosha. Yenye njia moja haisamehi: taa ikiwa bado inapanda, sifuri inahama nayo, na sampuli ya kwanza na ya ishirini zinapimwa kwa vigezo tofauti. Kama mashine ina nafasi ya kupasha taa inayofuata wakati hii inafanya kazi, itumie.

Kisha jifunze kutazama rangi. Tazama kutoka ubavuni, kwa kuwa dirisha la kwatzi hupitisha urujuanimno unaoumiza macho. Taa ya neoni yenye afya inawaka rangi ya chungwa hadi nyekundu, mwako umekaa ndani ya shimo na umetulia. Ya agoni ni ya samawati yenye zambarau. Taa ya neoni ikififia kuelekea waridi jeupe, mara nyingi kuna haidrojeni iliyotoka ndani ya metali yenyewe, na pamoja na rangi kubadilika utaona nishati imeshuka na usomaji unatetemeka. Mwako ukitoka shimoni na kuzunguka nje ya kathodi, au ukirukaruka, gesi imepungua au kihami kimeharibika. Weusi kwenye kioo kuzunguka kathodi ni metali iliyong'olewa ikatua hapo, usikutishe. Weusi kwenye dirisha ni habari nyingine: huo hausafishiki, uko ndani.

Taa hufa hasa kwa kuishiwa gesi. Atomu za metali zinapotua kwenye kioo huzika atomu za neoni chini yake. Presha inashuka polepole, volti za kuendesha zinapanda, taa inachelewa kuwaka, halafu siku moja haiwaki. Watengenezaji huhesabu uhai kwa miliampia-saa, na 5000 ni namba ya kawaida. Kwa miliampia 5 hizo ni saa 1000. Kwa miliampia 10 ni saa 500, na kwa kuwa mkondo mkubwa unang'oa metali kwa kasi zaidi, usitegemee hata hizo. Metali zinazovukiza kirahisi kama aseniki, seleni na kadimi hazifiki mbali hivyo. Taa iliyokaa kabatini iwashwe saa 1 au 2 kila baada ya miezi michache, ili uchafu uliojitokeza ufyonzwe na zirkoni iliyowekwa ndani kwa kazi hiyo.

Kwa taa iliyochafuliwa na haidrojeni kuna tiba moja: kuigeuza umeme, ili anodi yenye zirkoni iwe kathodi kwa muda, ijing'oe na kuweka utando mpya unaofyonza uchafu. Fanya hivi tu kama mtengenezaji ameruhusu kwa taa hiyo, kwa mkondo mdogo aliotaja, na ukae karibu. Tiba hii hairudishi neoni iliyozikwa.

Metali hazifanani, na taa moja haikufundishi zote. Nikeli kwa 232.0 nm imezungukwa na mistari yake mingine isiyofyonzwa. Ukifungua mpasuo wa 0.7 mstari wa viwango unapinda, kwa hiyo tumia 0.2 na uvumilie nishati ndogo. Risasi ina 217.0 yenye unyeti karibu mara 2 ya 283.3, lakini yenye kelele nyingi; kwa maji ya kunywa yenye risasi kidogo hakuna mwali wa kutosha kwa mstari wowote kati ya hiyo, tumia tanuru la grafiti, linalopasha sampuli kwa umeme badala ya mwali. Aseniki kwa 193.7 nm inamezwa na mwali wa hewa na asetilini kwa zaidi ya nusu kabla sampuli haijafika, na hapo kuna sababu ya kweli ya kutaka mwanga mwingi. Suluhisho ni njia ya haidraidi (kugeuza aseniki kuwa gesi kwanza), au taa yenye mfumo wa pili wa umeme unaosisimua atomu zilizokwisha kung'olewa bila kung'oa nyingine. J. V. Sullivan na Walsh waliionyesha mwaka 1965, na inapandisha mwanga bila kupanua mstari. Taa za metali kadhaa kwa pamoja, kama kalisi na magnesi, zinaokoa fedha kwenye maabara ya udongo. Zile za metali 4 au 6 siziamini kwa kazi nyeti, kwa sababu aloi haing'oki kwa usawa na kila metali inapata mwanga mdogo.

Maabara za dhahabu za Kanda ya Ziwa, ambako sampuli zilizoyeyushwa kwa maji ya kifalme (mchanganyiko wa asidi ya haidrokloriki na ya naitriki) hupita kwa mamia, zinategemea 242.8 nm mchana kutwa. Hapo adui mkubwa ni umeme unaopanda na kushuka. Chanzo cha umeme cha taa hudhibiti mkondo, lakini hakiwezi kudhibiti kukatika. Kila taa inapozima na kuwaka ghafla ikiwa moto, mwanzo wake unahitaji hadi volti 500 au 600, na dakika 20 za kupasha zinaanza upya. Weka UPS (kifaa cha umeme wa akiba) ya aina inayobadilisha umeme muda wote, isiyongoja kukatika, na baada ya kila kukatika pima upya sifuri na kiwango cha kati kabla ya kuendelea na sampuli. Kwa zebaki, ambayo wachimbaji wadogo bado wanaitumia kukamatia dhahabu na ambayo Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, unataka ipunguzwe, kipimo ni mvuke baridi, yaani mvuke wa zebaki bila mwali, kwa 253.7 nm. Taa yake iendeshwe kwa mkondo mdogo kabisa wa kwenye lebo. Ikivunjika, shughulikia vipande kama taka ya zebaki.

Taa hizohizo ziko kwenye darubini kubwa. Spektrografu (chombo cha kutawanya mwanga kwa urefu wa wimbi) ya HARPS, iliyoanza kazi mwaka 2003 huko La Silla nchini Chile, ilipewa taa ya thoriamu na agoni ili ipime mwendo wa nyota hadi karibu mita 1 kwa sekunde. Thoriamu imechaguliwa kwa sababu karibu yote ni ya isotopu moja ambayo kiini chake hakina spini, hivyo mistari yake haigawanyiki, nayo ni maelfu. Mistari ya agoni iliyomo kwenye taa hiyohiyo huhama presha inapobadilika, kwa hiyo kwa usahihi wa namna hii haitumiwi. Darubini ya Hubble nayo, iliyorushwa mwaka 1990, ilipanda na taa za platini na neoni kwa ajili ya urujuanimno. Wanaoziendesha wana ubahili uleule wa mkondo, maana kila saa ya kuwaka inahesabiwa.

Kathodi yenye shimo ya vyombo vya angani ni ndugu wa karibu, ila haitegemei ayoni kung'oa elektroni. Inatoa elektroni kwa joto. Chombo cha Dawn, kilichorushwa mwaka 2007 na kufika kwenye asteroidi Vesta 2011 na sayari kibete Ceres 2015, kilisukumwa na injini za ayoni za zenoni zenye kathodi za namna hii. Ndani ya mrija kuna kipande cha tungisteni chenye matundu kilicholowekwa misombo ya bariamu, kinachofanya kazi kwa takriban nyuzi 1000 hadi 1100 za Selsiasi. Oksijeni au mvuke wa maji kidogo tu ndani ya zenoni huua uso huo, kwa hiyo gesi husafishwa hadi 99.999% na mabomba hupashwa ndani ya ombwe kabla ya kuwasha. Heksaboraidi ya lanthanamu inastahimili uchafu zaidi, lakini inadai joto la karibu nyuzi 1600, na hita ndiyo inayoumia.

Anayetaka kuona haya yote kwa macho anaweza kujenga kathodi inayofunguka kwenye maabara ya chuo. Chukua kipande cha shaba safi, toboa shimo la milimita 4 kwa kipenyo na milimita 15 hadi 20 kwa kina, lisilotokea upande wa pili. Kanuni ya kushika ni presha zidisha kipenyo: kwa gesi ajizi, zao la karibu tori 1 mara sentimita ni mahali pazuri pa kuanzia, na shimo la milimita 4 linakupa takriban tori 2.5, yaani milibari 3.3. Presha ikiwa ndogo mno, eneo la giza karibu na kuta linajaza shimo zima na mwako unakimbilia nje. Ikiwa kubwa mno, mwako wa kila ukuta unajibana peke yake na katikati panabaki hafifu.

Funika nje yote ya kathodi kwa mrija wa alumina au kioo, uache mdomo wa shimo tu. Mwanya kati ya metali na mrija uwe chini ya nusu milimita, la sivyo mwako utaingia humo. Osha kila kipande kwa asetoni kisha spiriti, kausha kwenye oveni, na baada ya hapo shika kwa glavu. Dirisha la kwatzi na oringi za mpira wa Viton zinatosha, zikipakwa grisi ya ombwe kidogo mno.

Vuta hewa hadi milibari 0.01, funga vali ya pampu, na tazama kipimo. Presha ikipanda haraka kisha ikapunguza mwendo, ni unyevu unaotoka kwenye kuta. Endelea kuvuta, ukipasha kwa upole. Ikipanda kwa mstari ulionyooka, kuna tundu. Usidharau mpando wa milibari 0.01 kwa dakika: kwa nusu saa hiyo ni 0.3, na ndani ya agoni ya milibari 3 ni sehemu 1 ya hewa katika 10. Ndiyo sababu nashauri gesi ipite muda wote kupitia vali ya sindano huku pampu ikivuta kidogo, usiijaze na kuifunga.

Umeme: chanzo cha volti 500 za mkondo mnyoofu, na rezista ya kuzuia mfululizo na taa. Taa ikikaa kwenye volti 250 kwa miliampia 5, rezista inabeba 250 zilizobaki, kwa hiyo ni kiloomu 50, na joto lake ni wati 1.25; weka ya wati 5. Iwekwe karibu kabisa na anodi, kwa sababu waya mrefu kati yake na taa hutunza chaji na kuzalisha cheche. Volti 500 zinaua. Weka rezista ya kumwaga chaji kwenye kapasita, na subiri kabla ya kugusa.

Washa kwa miliampia 1 au 2. Dakika za mwanzo kutakuwa na cheche ndogo zinazochoma mafuta na oksaidi kutoka shimoni; usipandishe mkondo mpaka zikome. Kisha elekeza spektromita ndogo ya nyuzi za kioo. Mkanda wa 337.1 nm ni naitrojeni, tafuta tundu. Mkanda karibu na 309 ni mvuke wa maji, endelea kupasha na kuvuta. Karibu na 388 ni kaboni na naitrojeni vikiungana, yaani grisi au alama ya kidole pamoja na hewa. Mstari wa 656.3 ni haidrojeni. Mikanda hiyo ikififia, mistari ya shaba ya 324.8 na 327.4 inapanda yenyewe bila kuguswa mkondo, na volti zinatulia. Hapo ndipo pa kuanza kuandika vipimo. Ukimaliza, zima umeme, acha kathodi ipoe nusu saa ndani ya agoni, kisha ingiza naitrojeni kavu badala ya hewa ya chumbani; siku inayofuata kuvuta kutachukua muda mfupi zaidi.